Mwendo wa Korongo Springi

Ottumwa, Iowa
Jumamosi, 8 Januari 1994

Dada Twyla,

Hujambo huko kisiwani? Sisi huku Iowa tu wazima, isipokuwa baridi imefika mahali ambapo wateja wangu wanakataa kunyolewa shingo. Roxanne anakusalimu wifi yake. Kendra anamsalimu shangazi na anauliza kama ni kweli kaa wa Alaska ni wakubwa kuliko paka. Mama naye yupo: magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo. Jumapili alimwambia mchungaji mbele ya watu kwamba mahubiri yake yanahitaji kupunguzwa pembeni na nyuma, na kwamba mimi mwanawe nina mkasi. Kwa hiyo hofu yetu ni wewe tu, uliye mbali na mvivu wa kuandika.

Sasa nina jambo kubwa, nalo ni katuni. Usicheke.

Kendra ametimiza miaka sita na ameanza kuamka mwenyewe Jumamosi. Leo nimemkuta sebuleni na blanketi kichwani, bakuli la konfleksi za rangi mapajani, maziwa nusu kwenye bakuli na nusu kwenye zulia, macho kwenye televisheni. Nilisimama mlangoni nikahisi nina miaka mitano. Unakumbuka tulivyokuwa tunaamka kabla kituo cha televisheni hakijafungua? Tunakaa na pajama zetu tunatazama ile michirizi ya rangi kama wateja wanaongoja kinyozi afungue mlango. Wewe ulikuwa mkubwa, ulijidai hutazami, lakini ulikuwa ukiishika antena picha isikatike, na mkono ukichoka hukuniambia.

Na ile sheria yangu, unaikumbuka? Mtu mzima haruhusiwi sebuleni Jumamosi mpaka saa sita mchana. Akitaka kuingia, alipe kiingilio: aigize mnyama mmoja wa katuni. Mama hakulipa hata siku moja, alisimama mlangoni akasema "punguzeni sauti" basi. Lakini Baba! Baba alilipa kila Jumamosi, na siku zote alikuwa Korongo Springi. Goti linaruka, mkono unaruka, kichwa kinakuja nyuma kimechelewa. Yule korongo wa kwenye katuni alikuwa anamwiga Baba, si Baba anamwiga yeye. Nilikuwa nacheka mpaka konfleksi zinatokea puani.

Swali langu: baada ya Korongo Springi ilikuja katuni gani? Wiki nzima nimesimama kazini na kichana mkononi nikijaribu kukumbuka. Haiji.

Nimemfundisha Kendra ile sheria. Nami nimemrithi Baba, utafurahi kusikia. Kendra anasema namfanya Korongo vizuri hata nikiwa nakunywa kahawa. Roxanne haoni raha, anasema nampiga mateke usingizini, eti kaolewa na punda. Wiki iliyopita nilimchuna sikio mzee Hadley, kidogo tu, akaniambia kama ninataka nyama nimwombe, nisijikatie.

La mwisho, usimwambie Mama bado: tunatafuta mtoto wa pili. Roxanne anataka wa kiume. Mimi nataka yeyote atakayeamka mapema Jumamosi.

Mdogo wako,
Lyle


Kisiwani, Alaska
27 Februari 1994

Lyle mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa wifi yangu, na kwa Kendra, umwambie kaa ni wakubwa kuliko paka na wana tabia nzuri kuliko yeye. Mimi ni mzima. Kantini ya kiwanda imejaa watu wa msimu, napika viazi kuanzia alfajiri. Jirani yangu Agrafena ameniletea mkate na samaki wa moshi, akanisema kwamba nimekonda. Barua yako imechelewa kunifikia. Ukungu umekaa chini, ndege ya barua haitui.

Baada ya Korongo ilikuja ile ya nyangumi polisi. Umesahau kwa sababu ndiyo saa uliyokuwa unakwenda kuongeza konfleksi.

Nina maswali, nawe unijibu bila mzaha. Huo mkono uliomchuna mzee wa watu, ni wa kulia au wa kushoto? Mateke ya usingizini yameanza lini? Roxanne anasema umekuwa na hasira za haraka? Unaangusha vitu?

Wembe uweke kando kwa sasa. Fanya kazi ya mkasi, na ya mashine. Sema umeumia kifundo.

Kuhusu mtoto wa pili, msiwe na haraka. Kendra bado mdogo na nyumba yenu ni ndogo. Ngojeni mwaka mmoja. Nakuomba, Lyle. Mimi si mtu wa kuomba, unanijua.

Dada yako,
Twyla


Ottumwa
Jumamosi, 12 Machi 1994

Dada Twyla,

Nakusalimu, nasi tu wazima, au ndivyo nilivyokuwa nadhani mpaka barua yako ilipofika.

Nyumba yetu ni ndogo? Sisi wawili tulilala chumba kimoja na mashine ya kufulia. Nimekuandikia katuni, wewe umenijibu kama daktari. Ni mkono wa kushoto. Na sasa wa kulia pia, mara mojamoja. Mateke, tangu majira ya mavuno. Vitu naangusha, nani haangushi? Hasira nilikuwa sina mpaka niliposoma maswali yako.

Nikuambie kilichotokea Jumapili. Mama alikuja kula. Roxanne alipika supu ya maharage, na mikate ya mdalasini pembeni kama tulivyopewa shuleni. Nikaona nifanye utani, nikasema, "Mama, Twyla anataka kujua ni mkono gani unaoangusha vitu."

Mama akaweka kijiko chini.

"Simama," akasema. "Tembea mpaka dirishani, urudi."

"Mama, supu inapoa."

"Nimesema tembea, Lyle."

Nikatembea. Dirishani nikageuka, nikarudi. Kendra akapiga makofi. "Korongo! Baba anafanya Korongo!"

Dada, mimi nilikuwa natembea tu. Sikuwa nafanya chochote.

Mama akaenda bafuni. Tulisikia maji yakimwagika muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akauliza nani anataka mkate wa pili. Nilipomsindikiza kwake nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Muulize dada yako, yeye ndiye mwenye kalamu."

Basi nakuuliza. Baba alikufa na nini? Mimi niliambiwa moyo. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa miaka tisa akiambiwa moyo anaamini moyo. Lakini mbona alikaa hospitali ya mbali karibu miaka miwili, nami sikupelekwa hata mara moja, na wewe ulikuwa unapelekwa kila mwezi? Ukirudi ulikuwa huli. Nilidhani ni chakula cha hospitali kimekuharibu tumbo.

Nijibu haraka. Nimeanza kuiangalia mikono yangu wakati wa kazi, na mtu akiangalia mikono yake muda wote hawezi kunyoa hata kondoo.

Naogopa, Twyla. Najiona mjinga kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Lyle


Ottumwa
16 Aprili 1994

Twyla,

Ukungu gani huo wa mwezi mzima?

Nimepiga simu kantini. Mtu aliyepokea akaniuliza jina, akaondoka, akarudi, akasema, "Twyla amesema hayupo." Nikamwambia amshukuru Twyla kwa taarifa hiyo.

Roxanne ana mimba. Tulijua juzi. Yeye anaimba jikoni. Mimi nilimkumbatia, kisha nikaenda kukaa gereji, maana ulisema tungoje na hukusema kwa nini. Barua yako ilipofika tulikuwa tumeshachelewa, nadhani.

Kama unajua jambo, liseme. Kama ni baya, liseme hivyohivyo. Ninayowaza mimi peke yangu gerejini hayawezi kuwa mazuri kuliko ukweli.

Lyle


Kisiwani
2 Mei 1994

Lyle mdogo wangu,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaiandika tena. Mpe hongera wifi yangu. Nasema hongera kwa moyo wote, na mkono unatetemeka. Wangu unatetemeka kwa woga tu.

Baba hakufa na moyo. Alikufa na ugonjwa unaoitwa Huntington. Ni ugonjwa wa ubongo unaopita ndani ya damu ya familia. Mwili unaanza kucheza wenyewe: vidole, bega, goti, kisha miguu yote. Baadaye ulimi unakuwa mzito, kumeza kunakuwa kazi, akili inakwenda na kurudi, mwisho hairudi. Dawa ya kuuponya haipo. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Mtoto akiukosa, umeishia kwake, wanawe hawawezi kuupata. Akiupata, naye anatupa shilingi ileile kwa kila mtoto anayemzaa.

Ndiyo maana niliomba mngoje. Ndiyo maana nilijificha nyuma ya ukungu. Ndege ilitua, Lyle. Ilitua mara nyingi.

Bibi mzaa baba, yule waliyesema alikuwa mlevi, hakuwahi kuonja hata bia. Na Baba naye walianza kumwita mlevi. Polisi walimsimamisha barabarani wakamtembeza kwenye mstari mweupe, watu wa kanisani wakipita na magari yao na kupunguza mwendo. Alipoulizwa alisema ndiyo, nimekunywa. Aliona aibu ya pombe ni ndogo kuliko hii nyingine. Baada ya hapo akaacha kwenda kanisani, akaacha kazi yake ya kiwandani, akabaki chumbani.

Sasa nikueleze ile Jumamosi ya kwanza ya Korongo, kwa kuwa wewe unaikumbuka kwa mpangilio wako. Unasema uliweka sheria na Baba akalipa kiingilio. Haikuanza hivyo. Hakukuwa na sheria yoyote. Asubuhi ile Baba alikuja sebuleni kutafuta miwani. Alidhani atapita nyuma yetu tusimwone. Alipofika katikati ya zulia goti likaruka, na mkono ukafuata. Wewe ukageuka. Kwenye televisheni Korongo Springi alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Ukapiga kelele, "Korongo! Baba ni Korongo!"

Mimi nilikuwa nimeshika antena, kwa hiyo nilikuwa nimemtazama yeye. Niliuona uso wake. Kwanza aliogopa, akawa kama mtu aliyekamatwa. Kisha akakutazama ulivyokuwa unagaagaa kwa kicheko. Akainua viwiko, akapiga mbawa.

Sheria yako ilikuja Jumamosi iliyofuata, nayo ilimwokoa. Mjini alikuwa mlevi. Sebuleni kwako alikuwa Korongo. Alikuwa anaingoja Jumamosi kuliko sisi. Hakuwa anaigiza, Lyle. Alichoongeza ni zile mbawa tu.

Nami nilicheka pia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilijua nini? Nilijua alipopelekwa hospitali. Siku moja kule, maneno yake yakiwa yameshaanza kukatika, aliniambia, "Mwache mdogo wako aendelee kucheka." Mama akaniapisha palepale, mkono wangu juu ya kitanda. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nimekitunza kiapo hicho kwa kunyamaza mpaka kikawa ndiyo tabia yangu.

Tangu mwaka jana kuna kipimo cha damu. Nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, usiende peke yako. Mwambie Roxanne kabla ya kwenda, leo hii, mtu asibebe mimba huku amefichwa siri ya watu wengine.

Pengine si huo. Kuna watu wanaangusha vikombe maisha yao yote. Lakini nimesoma jinsi ulivyotembea kwenda dirishani, na siwezi kukudanganya kwamba sikuogopa.

Twyla


Ottumwa
Jumamosi, 14 Mei 1994

Twyla,

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama alikuwa anapenda kutuambia hivyo tulipoficha homa ili twende kuteleza kwenye barafu. Sikujua alikuwa anajisema.

Nina miaka thelathini na moja. Nilioa. Nilizaa. Kila hatua mlikuwa mnajua ninakokwenda, wewe na Mama, mkanipigia makofi. Kwenye harusi yangu ulicheza na mimi, Twyla. Ulinishika mikono. Ulikuwa unafurahi au ulikuwa unaipima?

Nimemwambia Roxanne. Hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, mkono tumboni, akaniuliza, "Kendra?" Nikasema nusu kwa nusu, kama mimi ninao. "Na huyu?" Nusu kwa nusu. Akasema, "Mama yako alimshika Kendra siku aliyozaliwa, akanipongeza." Kisha akaingia ndani. Tangu siku hiyo haimbi. Mama akipiga simu, anainua mkono wa simu na kuurudisha.

Nilikwenda kwa Mama kumfokea. Nilimkuta anamenya viazi. Nikamuuliza angewezaje. Akasema, "Ningekuambia lini? Ulipokuwa na miaka tisa? Ulipokuwa na kumi na sita unajifunza gari? Siku ya harusi? Niambie siku, Lyle, mimi niliitafuta sikuiona." Nikazidi kukasirika.

Wembe nimeacha. Nimeajiri kijana wa kunyoa ndevu, nami natumia mashine. Wateja wanadhani nimekuwa tajiri.

Lakini Jumamosi ndiyo inaniua. Leo Kendra ameniita, "Baba, kiingilio." Nilikwenda nikakaa kwenye kochi, nikaikalia mikono yangu. Nikamwambia Korongo amechoka leo. Akanitazama. Goti likaruka hivyohivyo, peke yake, na yeye akacheka, akasema, "Muongo, huyo hapo." Nikacheka naye. Ndani nilikuwa nimeganda. Nilikuwa namtazama vidole vyake vinavyoshika kijiko. Tangu barua yako nimekuwa namtazama hivyo, mtoto wa miaka sita, akimwaga maziwa moyo wangu unasimama.

Nimepata miadi. Kuna maswali kwanza, na mshauri, na mazungumzo, hawakutoboi tu. Wanasema itachukua mpaka mwisho wa kiangazi.

Nijibu moja. Umeandika kurasa nzima na hukuligusa. Wewe umepima?

Lyle


Kisiwani
3 Juni 1994

Lyle,

Salamu kwenu nyote. Nimepokea hasira yako, ni haki yako, wala sijibu neno. Ila moja: kwenye harusi yako nilikuwa nafurahi. Na nilikuwa naipima. Yote mawili kwa pamoja, wimbo mzima.

Ndiyo, nimepima. Niliruka mpaka Anchorage mwaka jana, theluji ya kwanza ilipoanguka. Sina.

Sasa umejua nililokuwa nalikwepa. Kukuambia kuhusu Baba kulikuwa kugumu, lakini hili lilinishinda kabisa. Ningekuandikiaje? Mdogo wangu, unaangusha vitu, mimi je, mimi ni mzima.

Nilikuwa na mtu, Lyle. Hukumjua. Aliitwa Emmett, alikuwa fundi wa injini za ndege. Alitaka tuoane, alitaka watoto. Nilimkataa bila kumpa sababu, nikaja huku mwisho wa dunia ili nisipende mtu mwingine tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugonjwa huu miaka yote. Nilikuwa nimenunua kitanda cha chini ili nisianguke mbali. Daktari aliposema sina, nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye benchi ya kituo cha basi nikalia kama niliyefiwa. Mama mmoja akanipa kitambaa akaniambia, "Pole sana kwa habari mbaya." Nikamwambia asante.

Usidhani mimi kupona kumekula nafasi yako, wala kumekuongezea. Kila mtoto na shilingi yake. Nilimuuliza daktari mara mbili. Na usiku mwingine siamini, naona ni kama nilikupiga kikumbo mlangoni nikapita mimi.

Mama ameniandikia. Mistari mitatu. Anasema humjibu salamu. Umsalimu. Alikuwa na umri wako wa sasa, na mume anayekufa polepole, na watoto wawili wanaocheka sebuleni. Simtetei. Nasema tu.

Niambie siku ya majibu.

Twyla


Ottumwa
Jumamosi, 17 Septemba 1994

Dada Twyla,

Nakusalimu. Roxanne hajambo, miguu imevimba na mtoto anampiga mateke kuliko nilivyokuwa nampiga mimi. Ameanza tena kupokea simu za Mama. Hawaongei mengi, wanaulizana hali ya hewa. Mama naye amepungua, Jumapili hizi anamwachia mchungaji ahubiri mpaka amalize.

Majibu yalitoka juzi. Ninao.

Daktari alikuwa ameshajua tangu siku ya kwanza, nilipotembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti chake. Damu ilikuwa ya kuthibitisha tu. Alizungumza vizuri, mama wa makamo, ana picha za wajukuu mezani. Alisema nina miaka, si mingi ya kazi, lakini miaka. Alisema Kendra asipimwe mpaka awe mtu mzima, na aamue mwenyewe. Roxanne alikuwa amenishika mkono muda wote, na mkono wangu ukawa unauchezesha wa kwake. Tulipotoka akasema tupitie dukani, maziwa yameisha. Tukapita. Nilisimama mbele ya rafu za konfleksi nikashindwa kuchagua, nikaona nitapiga yowe palepale katikati ya watu. Roxanne akachukua sanduku moja, akanivuta mkono, tukaondoka.

Sikukukasirikia kwa kuwa mzima. Nilipoisoma ile barua nilifurahi, kisha nilikuonea wivu mpaka nikaumwa kichwa, kisha nikafurahi tena. Nimeishia kwenye kufurahi, siku nyingi.

Lakini nilitaka kukuandikia habari ya leo asubuhi.

Wiki nzima nilikuwa najiuliza nimfanyeje Kendra. Baba alipiga mbawa. Niliona naweza kupiga mbawa mimi pia, nimpe miaka yake ya kucheka kama nilivyopewa mimi. Ilikuwa zawadi, Dada, sisemi haikuwa. Zile Jumamosi ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyonavyo. Lakini nimekaa miezi hii nikizipitia moja moja, na kila moja nikiangalia uso wa Baba naona hofu tu. Hakuna hata moja iliyobaki salama. Sitaki Kendra aje kuzipitia zake namna hiyo akiwa na miaka thelathini.

Basi aliponiita, "Baba, kiingilio," nilikwenda moja kwa moja nikazima televisheni. Hakuna mtu aliyewahi kuzima televisheni Jumamosi asubuhi katika nyumba hii. Akanitazama kama nimeua mtu.

Nikakaa chini kwenye zulia. Nikamwambia, "Mwanangu, Korongo simfanyi mimi. Miguu inajifanyia yenyewe. Ni ugonjwa."

"Unauma?"

"Hauumi."

"Utapona?"

"Hapana."

Akachezea kijiko chake. "Babu wa kwenye picha naye alikuwa nao?"

"Alikuwa nao."

"Na mimi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo, na hilo ndilo nililopaswa kujiandaa nalo. Nikamwambia, "Sijui. Hakuna anayejua. Pengine huna."

Akaweka kijiko ndani ya bakuli. Mimi nikaona nimeharibu, nikainuka niwashe televisheni. Goti likaruka, mkono ukafuata, nikaishika meza nisianguke. Nilipogeuka alikuwa ananitazama, bakuli mapajani, ameziba mdomo kwa mkono.

"Baba," akasema, "bado naruhusiwa kucheka?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia acheke kadiri anavyotaka, mimi sitaumia.

Akatoa mkono mdomoni. Akajaribu, Twyla. Nilimwona anajaribu, kwa ajili yangu. Kicheko hakikutoka.

Njoo nyumbani. Mtoto atazaliwa Desemba, na mimi naogopa kumshika.

Mdogo wako,
Lyle